Mbwa Mwenye Majina Mawili na Uvimbe Mmoja

Wanangu mnaotoka vyuoni na vyeti ambavyo bado vina joto la mashine, mtu akikuletea mbwa, usimtazame mbwa kwanza. Tazama kamba. Mbwa aliyefungwa kwa waya ameletwa na mtu aliyemchoka. Aliyefungwa kwa kamba mpya ya katani ameletwa na mtu aliyetumwa. Aliyefungwa kwa kipande cha kanga ameletwa na mtu ambaye, ukimpa habari mbaya, itabidi umtafutie kiti.

Mimi nimefanya kazi ya mifugo huku tangu tukiwa bado chini ya Shinyanga, kabla Simiyu haijawa mkoa. Sasa nimestaafu, nakaa Bariadi, nafuga kuku wanaonidharau, na watu bado wananiita bwana mifugo ingawa ni mwanamke na nina wajukuu. Sikuwahi kuwasahihisha. Ng'ombe akishindwa kuzaa, hakuna mwenye muda wa sarufi.

Nataka niwasimulie habari ya mbwa mmoja wa Dutwa. Nawaambia mapema ili msikae roho juu: hakufa. Waliokaribia kufa, kwa kicheko, ni watu.

Miaka ile ya mwisho ya kazi nilikuwa na chumba kimoja Dutwa, jirani na ghala la pamba la chama cha ushirika. Nilikwenda kwa siku zangu, nikiwa na sanduku la dawa nyuma ya pikipiki. Asubuhi moja ya msimu wa kuuza pamba aliingia mama mmoja mrefu, vumbi la njia limempanda hadi magotini, anavuta mbwa jike wa rangi ya udongo mwenye sikio la kushoto lililochanika. Kamba ilikuwa kipande cha kanga. Nikasogeza kiti, tukaamkiana kwa Kisukuma, ambako mama ni mayu.

"Mwangaluka, dokta."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu. Ila huyu ana kitu tumboni."

Aliitwa Mama Limi, mjane, analima pamba na mpunga pembezoni mwa Dutwa, na ana ndama zizini. Mbwa alimwita Shukrani, kwa sababu alijileta mwenyewe akiwa mchanga, msimu ambao fisi walikuwa wanasumbua sana, na tangu akue hakuna ndama aliyeguswa.

"Usiku ni askari kweli," alisema. "Ila mchana hashindi nyumbani. Jua likichomoza anaondoka, likizama anarudi. Ni mbwa wa matembezi. Nimeshamzoea."

Sikumuuliza mbwa anatembea wapi. Mbwa wetu wengi wana mambo yao.

Sasa hapa nisimame kidogo, maana ndipo wengi wenu mnapokosea. Ukionyeshwa uvimbe, mdomo unawasha. Unataka kutaja jina lake palepale ili uonekane umesoma. Aliyenipokea kazini, kule Shishiyu, alikuwa Mzee Jilala, na yeye alinifundisha hivi: mkono kwanza, sindano ya pili, mdomo wa mwisho. Siku moja aliivunja sheria yake mwenyewe. Tulikuwa kwenye josho, wafugaji wamejaa, mtu akaleta mbwa mwenye nundu begani. Mzee Jilala akavaa koti lake jeupe, akawahutubia juu ya saratani, hatari zake na jinsi inavyosambaa. Hotuba nzuri mno. Kisha, ili kuonyesha mfano, akachoma sindano. Lilikuwa jipu. Lilipasuka likamwagika lote kifuani pake, koti jeupe likageuka uji. Mbwa, maumivu yalivyomtoka ghafla, akageuka akamlamba shavu. Wafugaji wakapiga makofi, wakidhani yote hayo ni sehemu ya somo. Mzee alifunga koti vizuri, akasema, "Na hiyo ndiyo tofauti," akaenda kuoga.

Kwa hiyo kwa Shukrani nilianza na mkono. Uvimbe ulikuwa karibu na chuchu za nyuma, mgumu, ukubwa wa kitunguu. Niliusukuma ukacheza chini ya ngozi. Haukuwa umeng'ang'ania nyama, na hiyo ni dalili njema. Nikapapasa kwenye kinena, hakukuwa na tezi iliyovimba. Nikasikiliza kifua, nikauliza kama anakohoa. Hakohoi. Anakula? Mama Limi alicheka. "Anakula kidogo sana kwangu, lakini hakondi. Sijui anashibishwa na nini."

Hilo nalo nililipita tu. Nilichoma sindano, nikavuta, nikapaka kilichotoka kwenye kioo, nikakituma maabara Mwanza kwa basi. Nyinyi siku hizi mnapiga picha mnairusha, nami nawaonea wivu, isipokuwa pale mtu anapowatumia picha ya uvimbe mkiwa mezani. Jibu lilirudi kwa simu: ni uvimbe wa matiti, na si wa kheri.

Nilipoanza kazi, jibu la namna hiyo lilikuwa na njia moja. Mwenye bunduki aliitwa, mbwa akapelekwa nyuma ya zizi, watoto wakaambiwa ametoroka. Sasa niliweza kumwekea Mama Limi njia zaidi mbele yake. Nilimwambia tunaweza kuukata, na kwa kuwa bado unacheza, huenda ukatoka wote. Tunaweza kuuacha, tukampa dawa ya maumivu siku itakapohitajika, naye akaishi muda atakaojaliwa. Na siku akishindwa kusimama, naweza kumlaza kwa sindano, bila bunduki. Nikamweleza pia kwamba mbwa huyu si kijana, na kwamba dawa ya usingizi ina hatari yake.

Alisikiliza huku akikunja na kukunjua ile kanga.

"Dada yangu alikuwa na kitu hicho hicho," alisema. "Titi la kulia. Wakamkata. Hakuamka. Tulikuwa tumeshampikia uji wa kumpa akiamka."

Ninyi mkifika hapo msitafute neno. Nilimpa maji. Akasema, "Mwache tu, dokta. Afe na mwili wake mzima." Akaondoka na mbwa wake.

Niliporudi Dutwa safari iliyofuata, nilimkuta mtu ananisubiri mlangoni. Mzee Mabula, fundi baiskeli wa pale senta, mtu ambaye alinizibia pancha mara nyingi na ambaye hawezi kusema jambo kwa sauti ndogo. Alikuwa na mbwa, kamba yake ni mpira wa tairi la ndani.

"Dokta! Huyu Spoku wangu ana kitu tumboni. Kata! Kitu kibovu hutolewa. Mimi nyuzi na mkasi siviogopi."

Nikamtazama mbwa. Rangi ya udongo. Sikio la kushoto limechanika. Mbwa naye akanitazama, kisha akatazama ukutani, kama mtu aliyekutwa msibani na suti ya kuazima.

"Mzee Mabula, mbwa huyu unaye tangu lini?"

"Miaka! Alikuja mwembamba kama spoku, ndiyo maana ya jina. Anashinda karakana kwangu. Akibweka najua mteja amefika, akinyamaza najua ni mkopo. Mke wangu anampa ugali na vichwa vya dagaa kila mchana."

"Na usiku?"

"Usiku hatumwoni. Mbwa wa matembezi."

Nikaita taratibu, "Shukrani." Mkia ukapiga sakafu, pa, pa, pa.

Nawaambia, nimeona wanaume wakipokea habari za ng'ombe wote kufa kwa ukame wasipepese jicho. Mzee Mabula alikaa chini kwenye kile kiti. "Kumbe," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Kumbe ana kwao."

Nikampigia simu Mama Limi, akaja na jembe begani. Nilitegemea watagombania mbwa ni wa nani. Hilo walilimaliza haraka kuliko nilivyodhani, kila mmoja alimtazama mbwa kwa jicho la lawama, kisha wakatazamana, kisha Mama Limi akasema, "Kumbe wewe ndiye unayemshibisha," na Mzee Mabula akajibu, "Na wewe ndiye unayemchosha." Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kisu.

"Akatwe," alisema Mabula.

"Hakatwi."

"Mayu, ukiacha kutu kwenye cheni, kesho cheni haipo!"

"Huyu si baiskeli, baba. Baiskeli ukiifungua haivuji damu."

"Basi unataka aoze akiwa hai?"

"Nataka aamke kesho!"

Mbwa alikuwa katikati yao, kila anaposikia sauti imepanda anageuza kichwa, mara huku mara kule. Niliwaambia wazi kwamba simgusi mbwa mwenye mabwana wawili ambao hawajakubaliana, maana nikikata mmoja atanichukia, na nisipokata atanichukia mwingine, na pikipiki yangu inapita Dutwa kila mara. Kisha nilimwomba Mama Limi amweleze Mzee Mabula habari ya dada yake. Aliieleza kwa maneno machache, macho yake yako dirishani.

Mzee Mabula alivua kofia. Halafu akasema, "Sikujua, mayu. Mimi napewa mchana wake tu. Wewe ndiye mwenye usiku, na usiku ndio mzito. Neno la mwisho liwe lako, na mimi sitasema kitu, hata likinichoma."

Mama Limi akanigeukia mimi. "Dokta, angekuwa wako?"

Wanangu, swali hilo mtaulizwa mpaka mstaafu. Mzee Jilala alinionya nisilijibu haraka, kwa sababu mtu akikuuliza hivyo hataki elimu yako, anataka kukupa mzigo wake uubebe. Lakini pia alisema usilikimbie, maana ukilikimbia umemwacha mtu peke yake. Nikamjibu kweli.

"Angekuwa wangu ningemkata, mayu. Si kwa sababu hakuna hatari. Anaweza asiamke, siwezi kukuficha. Ila uvimbe bado unacheza, kifua ni kizima, na yeye mwenyewe bado anataka kuishi. Anafukuza fisi usiku na kukusanya wateja mchana. Nikiuacha, najua utakavyokwisha. Nikiukata, sijui. Mimi ningechagua nisichokijua. Lakini mimi ningemuuguza. Lazima akae mahali pamoja mpaka kidonda kifunge, bila matembezi. Je, utaweza kumfunga?"

Aliinama akaushika uvimbe ule kwa mkono wake, polepole, kama anavyoshika nyanya sokoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuugusa. Ukacheza chini ya vidole vyake.

"Wa dada yangu haukucheza hivi," alisema. "Ulikuwa kama jiwe lililosimikwa." Akasimama. "Mkate. Atauguzwa kwangu. Baba, wewe utamletea chakula chake cha mchana, maana mchana amezoea kula kwako."

Habari ya malipo waliimaliza nje wenyewe, sikuuliza.

Siku ya kumkata niliwaambia wote wawili asile kitu tangu jioni, nikarudia mara mbili kwa kila mmoja, kwa sababu mbwa wa nyumba mbili ana sufuria mbili. Ikabaki kumpima uzito. Dawa ya usingizi haitaki kukisia. Ukizidisha umeua, ukipunguza ataamka katikati akuulize unafanya nini. Mizani yangu ilikuwa ya kuku. Basi tukamtia mbwa kwenye gunia, kichwa nje, tukavuka kwenda ghalani, ambako foleni ya wakulima ilikuwa inasubiri kupimiwa pamba. Wakatupisha kwa heshima ya ajabu. Karani akalitundika gunia kwenye ndoana bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake, na kwa mazoea ya kutenga pamba nzuri na mbovu akauliza, "Safi au fifi?"

Gunia likabweka.

"Safi!" foleni nzima ikajibu. Karani aliruka nyuma akakalia robota la pamba. Mpaka leo nikipita Dutwa kuna mtu ataniuliza bei ya mbwa daraja la kwanza.

Kicheko kile kilitusaidia. Mama Limi tangu asubuhi alikuwa akikunja na kukunjua kanga yake, na sasa alikuwa anajifuta machozi ya kucheka. Nilimfunga mbwa mdomo kwa bandeji, kitanzi juu ya pua, kikapita chini ya taya, fundo nyuma ya masikio. Hata mbwa mpole mfungeni, maumivu hayana upole. Wao wawili wakamshika, nikamchoma dawa ya usingizi. "Shukrani, Shukrani," huyu ananong'ona. "Spoku, tulia Spoku," yule ananguruma. Sikio zima likaelekea kwa mmoja, lililochanika likaelekea kwa mwingine, na hivyo ndivyo alivyolala.

Sitawachosha na kukata. Niliutoa pamoja na nyama safi kuuzunguka, kwa sababu uvimbe mbaya una mizizi usiyoiona, nikashona tabaka kwa tabaka. Mzee Mabula, aliyesema haogopi mkasi, alitoka nje mapema na akawa anazunguka chumba. Mama Limi hakutoka. Alisimama pale pale, mkono wake kwenye mbavu za mbwa, anahesabu pumzi kwa midomo.

Kisha ikaja saa ngumu kuliko kukata: kusubiri aamke. Kazi yangu ilikuwa imekwisha na hakukuwa na la kufanya. Mama Limi alikaa sakafuni. Jua likahama kutoka mlangoni hadi ukutani. Mbwa hakutikisika. Nikagusa jicho lake, kope haikucheza. Nilisema, "Bado," kwa sauti ya kawaida niliyoifanyia mazoezi miaka mingi, na moyoni nilikuwa nasali kama mtoto.

Aliyemwamsha si mimi. Nje, mtu alifika na baiskeli mbovu akamwita fundi. Cheni iligonga fremu, kengele ikalia. Na mle ndani, akiwa bado hajafumbua macho, mbwa akatoa mlio mdogo puani. Alikuwa anajaribu kubweka kumtangaza mteja.

"Ameamka!" Mama Limi alipiga kelele. "Baba, ameamka, njoo!" Akafunika uso na kanga yake, akalia kwa ule uji wa dada yake ambao haukunywewa, nadhani. Mzee Mabula aliingia mbio, mikono ina grisi, akamwacha mteja na cheni yake.

Ili asilambe nyuzi, Mabula alikata kitako cha ndoo ya rangi, akalainisha kingo kwa tupa, akamvika shingoni. Kazi safi kuliko kola za dukani. Kwa nzi, Mama Limi alimtundikia kipande cha chandarua chakavu. Nami niliwaeleza dawa za kumeza na namna ya kusafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Mgonjwa akawa analala kama malkia mwenye ndoo kichwani.

Sasa kikaja kisa cha mke wa Mabula. Mama Kulwa, mke wake, aliona mumewe kila mchana anafunga karakana, anapakia ugali moto na dagaa kwenye baiskeli, anavaa shati, na anaelekea upande wa nyumba ya mjane. Akiulizwa, anasema, "Nampelekea mgonjwa." Na mbwa aliyekuwa anapewa chakula kile haonekani tena. Mtu mwenye sauti kubwa ana udhaifu huo; akisema jambo kwa sauti ndogo, mkewe anajua kuna kitu. Kwa nini hakumweleza? Baadaye aliniambia aliona haya. Mwanaume wa Kisukuma, mwenye wajukuu, amwambie nani kwamba anakwenda kumlisha mbwa kwa mkono?

Mama Kulwa alimfuata kwa miguu, mwiko wa ugali mkononi. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kutazama nyuzi, kwa hiyo nilishuhudia. Aliingia uani kama mvua ya mawe. "Yuko wapi huyo mgonjwa?" Mama Limi hata hakuwepo, alikuwa shambani anachuma pamba. Aliyekuwepo ni mumewe, amekaa kwenye kigoda, anamega tonge, analipuliza lipoe, analipitisha ndani ya ndoo ya rangi, na anasema, "Kula, mama, kula upone."

Mama Kulwa alisimama. Mwiko ukashuka. Akaanza kucheka, akashika nguzo ya zizi, nguzo haikutosha, akakaa chini kabisa. "Miaka yote," alisema alipopata pumzi, "miaka yote niliyougua malaria, mimi hukunipulizia tonge hata moja!"

"Wewe hukuwa na ndoo shingoni," alisema Mabula.

Mama Limi aliporudi aliwakuta wanacheka. Akachemsha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tukala pamoja na karanga. Tangu hapo chakula cha mchana kililetwa na Mama Kulwa mwenyewe, na alikuwa akichelewa kurudi kuliko mumewe alivyokuwa akichelewa.

Siku niliyotoa nyuzi, pale uani kwa Mama Limi, walikuwepo wote watatu. Kidonda kilikuwa kimefunga kama mshono wa begi jipya. Niliwaambia ukweli, kwamba uvimbe wa namna ile unaweza kurudi, wampapase kila mwezi mpya, wasikie kama kuna kitu. Wakaitikia, lakini hawakuwa wananisikiliza. Walikuwa wanasubiri nivue ndoo. Hakuna aliyesema, ila kila mmoja alitaka kuona, mbwa akiwa huru, ataelekea kwa nani.

Niliivua. Mbwa alijitikisa, masikio yakapiga. Akamwendea Mama Limi, akaegemeza kichwa kwenye paja lake, akakaa hivyo kidogo. Mzee Mabula akajifanya anakagua tairi. Kisha mbwa akatazama juu, jua lilikuwa katikati ya mbingu, akapita langoni akashika njia ya senta, mbele ya baiskeli ya Mzee Mabula, mkia juu.

Mama Limi alisimama akajishika kiuno. "Haya nenda!" alimpigia kelele. "Jioni usichelewe!"